Mama alisema huyu mtoto hajala

Ile dokumentari ya Amy Winehouse, yule mwimbaji wa Uingereza, nimeiangalia mara tatu, kila mara na watu tofauti, na ninachotaka kusimulia hapa sio dokumentari sana, ni watu niliokaa nao na yale waliyoyasema, maana kuna mambo kwenye familia yetu miaka yote tulikuwa tunayazunguka tu, mpaka Krismasi ya 2019 tulipokaa mbele ya tivii kwa mama pale Morogoro tukaanza kumjadili mtoto wa watu wa London.

Mama kiingereza hajui. Mimi ndo nilikuwa namtafsiria na kiukweli nilikuwa naruka sentensi nyingi, lakini mule ndani kuna picha hazihitaji mkalimani. Ilipofika pale Amy ameshakuwa staa, nywele zile ndefu kajaza juu, wanja mpaka huku, na mwili umeisha, mama aliacha kuchambua mchele akanyoosha kidole kwenye tivii akasema, "Huyu mtoto hajala."

Nikamwambia mama, ni madawa hayo na pombe.

Akasema, "Sijasema hatumii. Nimesema hajala. Mwangalie mikono."

Mama alikuwa sahihi kabisa na mimi niliyekuwa nimeshaiangalia filamu nzima nilikuwa sijaliona hilo. Amy alianza toka akiwa binti kula kisha kwenda kujitapisha, na kwenye dokumentari mama yake mzazi anasimulia kwamba mwanae alimwambia mwenyewe, kama mtu anayesimulia siri nzuri, kwamba kagundua namna ya kula chochote na asinenepe, na mama akadhani ni mambo ya usichana yatapita. Baba naye aliambiwa, naye akaona yatapita. Kaka yake Amy, Alex, mwaka 2013 alikuja kusema hadharani kwamba anaamini ugonjwa huo ndo uliomdhoofisha dada yake mpaka mwili ukakosa nguvu ya kuhimili yale mengine. Nilipomtafsiria mama kipande hicho alikaa kimya muda mrefu, akarudi kwenye mchele, afu akasema pole pole, "Kwa hiyo mama yake aliambiwa."

"Aliambiwa mama."

"Hata mimi niliambiwa."

Hakuna mtu pale sebuleni aliyemuuliza ameambiwa nini, kwa sababu mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale chini kwenye jamvi, kaegemea kochi, na wote tulielewa. Jioni ndo mama akanieleza kwamba mwaka 2013 jirani alimfuata akamwambia mwanao anakunywa asubuhi kabla ya chai, na yeye akamjibu jirani vibaya, hawakusalimiana mwaka mzima. Miaka sita alikuwa na hilo jambo moyoni.

Niseme kidogo kwa ambao hamjaiona. Imetengenezwa na Asif Kapadia, Mwingereza, ikatoka 2015 na mwaka uliofuata ikapata Oscar ya dokumentari bora. Hakuna mtu anayekaa kwenye kiti kuhojiwa, unasikia sauti tu za marafiki, mameneja, wazazi, madaktari, huku unachoangalia ni video za nyumbani, za simu, za tivii na za mapaparazi. Inaanza na binti wa shule kwenye bethidei ya rafiki yake, mitaa ya Southgate kaskazini mwa London, anaimba wimbo wa bethidei, ule ule wa siku zote, lakini anauimba kwa sauti ya mtu mzima aliyeishi sana. Afu kila anapoimba nyimbo zake, maneno yanaandikwa kwenye skrini, na hapo ndo unashtuka kwamba alikuwa anakuambia kila kitu. Baba kuondoka nyumbani, mwanaume aliyemuacha akarudi kwa mwingine, pombe, vyote vimo kwenye nyimbo, na watu tulikuwa tunacheza.

Mdogo wangu naye alikuwa anatunga. Gita alijifunza kwa mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa anapenda sana mambo ya Mbaraka Mwinshehe, maana Morogoro ukishika gita lazima upite kwa Mbaraka, na toka kidato cha nne alikuwa anapiga kwenye bendi za maharusi, kipaimara, send-ofu, mpaka Dodoma walikuwa wanamuita. Kuna wimbo aliutunga unasema nina kiu isiyojua maji. Watu waliupenda sana, maharusi waliuomba, wanasema ni wimbo wa mapenzi, hata mimi nilisema hivo hivo.

Sasa kuna kipande cha Belgrade. Tarehe 18 Juni 2011, Amy kapandishwa jukwaani Serbia wakati hajiwezi, anajishika mabega, anavua kiatu, anakaa chini, wanamuziki wanaendelea kupiga na yeye haimbi, na maelfu ya watu wanazomea. Watoto wa mjomba walikuwepo pale nyuma, vijana wa miaka 19, 20, wakaanza kucheka. Sio kwa ubaya, ni kile kicheko cha mtu akiona mlevi anayumba, ndo tulivyolelewa, mlevi ni kichekesho cha mtaa mzima. Mmoja akasema "kalewa chakari huyu" afu akanyamaza katikati ya sentensi maana alikumbuka nani kakaa mbele yake.

Mimi sikuwa na haki ya kumkanya. Ile video ya Belgrade niliiona wiki ile ile ilipotokea, nilikuwa Dar nafanya kazi stesheneri yenye intaneti, tukaizunguka kompyuta watu watano tukacheka, tukairudia. Mwezi mmoja baadae, tarehe 23 Julai, akafa nyumbani kwake Camden, miaka 27, na nakumbuka nilisema "si tulijua tu." Nilisema kama mtu aliyeotea mechi. Afu miaka mitano baadae ikaja klipu ya mdogo wangu mwenyewe, harusi moja ya Kihonda, kashika gita, kashindwa kuingia kwenye wimbo mara mbili, mara ya tatu kaanguka juu ya spika na MC anatania kwenye maiki. Ilinifikia kwa WhatsApp kutoka kwenye grupu la kazini, aliyeituma hakujua ni ndugu yangu, na chini yake kulikuwa na zile emoji za kucheka machozi nyingi mpaka unaskroli. Nikaifuta, sikusema huyu ni mdogo wangu. Mpaka leo lile grupu hawajui.

Kwa hiyo ukiniuliza somo gani nimelipata, hili la kwanza nililipata kwa kuumia. Yule anayetazama anadhani hayumo kwenye habari. Kuna watu wameilaumu hata dokumentari yenyewe kwa hili, kwamba imejaa picha za mapaparazi wale wale waliomfukuza mlangoni kila siku, na sisi tunakaa kwa starehe kuziangalia upya. Mimi naona lawama hiyo ina ukweli, ile taa ya kamera inawaka mpaka macho yanauma, lakini pia naona bila kuumia macho nisingeelewa aliishije.

Nirudi sebuleni. Mjomba yeye alimkamata baba yake Amy, kwamba ndo mwenye makosa. Kila mtu anayeangalia hii filamu lazima amkamate mtu mmoja, nimeliona hilo kila mara, wengine wanamkamata yule mume, Blake, kwamba ndo alimuingiza kwenye madawa makali, wengine mameneja, wengine magazeti, lakini wengi wanamkamata baba, Mitch. Kuna sababu. Mwaka 2005, kabla jina halijawa kubwa dunia nzima, meneja wake wa kwanza Nick Shymansky na marafiki walimchukua wakamshawishi aende kutibiwa, akakubali kwa sharti moja, baba akisema niende nitaenda. Baba akasema hana haja ya kwenda. Na wimbo alioutoa kuhusu hilo jambo ndo ukampeleka kileleni. Afu kuna kisiwa cha Saint Lucia, Amy kaenda kupumzika, ametulia, baba anamfuata na watu wa kamera wa kipindi cha tivii.

Mjomba alisimama kabisa. "Baba gani huyu! Mtoto mgonjwa wewe unaleta kamera! Huyu ndo kamuua, mnatafuta nini tena?" Na watoto wake wakaitikia, na shangazi akaitikia, sebule nzima ikawa mahakama.

Mi nilinyamaza maana mwili ulikuwa umepoa. Toka 2014 simu za maharusi za mdogo wangu zilikuwa zinapigwa kwangu. Yeye alikuwa anapoteza simu kila mwezi, ikaonekana dada ndo ashike. Nilikuwa napokea advansi, laki moja, laki na nusu, nakata yangu, na ada ya mwanangu wa kwanza miaka miwili ililipwa na hizo hela. Na kuna Jumamosi moja alinipigia akaniambia dada leo siwezi, mikono haishiki nyuzi. Nikamwambia jikaze, watu wameshalipa, kunywa kidogo mikono itatulia. Hayo maneno nimeyasema mimi, dada yake wa damu, na wala sikuwa mtu mbaya, nilikuwa nimeshatumia advansi.

Sasa Mitch aliipinga hiyo filamu vikali, alisema imemkata maneno, kwamba yeye alisema hakuwa na haja ya kwenda *wakati ule*, na wao wakaacha "wakati ule" nje. Watu wengi wanamcheka kwa utetezi huo. Mi simcheki. Ndo utetezi ule ule ningeusema mimi, kwamba wakati ule hali ilikuwa haijawa mbaya, na ni kweli ilikuwa haijawa mbaya, na ndo maana ulikuwa ndo wakati wenyewe. Huyo huyo Mitch na familia yake baada ya msiba walianzisha mfuko kwa jina la Amy, ukafungua London nyumba ya wasichana wanaotoka kwenye ulevi na madawa. Hilo kwenye dokumentari halimo, nadhani kama lingekuwemo mjomba angekaa chini.

Mdogo wangu muda wote huo hakusema neno. Alikuwa na miaka miwili na miezi hajaonja. Mimi ndo nilimuuliza kabla kama anataka tuangalie, akasema weka tu dada. Nilikuwa namuangalia yeye kuliko tivii, nasubiri ataumia wapi, Belgrade hakuumia, alitazama tu kama fundi anayeangalia kazi anayoijua. Saint Lucia hivo hivo. Akaja kulia sehemu ambayo sisi wote tulikuwa tunafurahi.

Ni zile tuzo za Grammy, Februari 2008. Viza ilichelewa kwa hiyo Amy yuko London ukumbini, wanamuunganisha kwa setilaiti. Kipindi hicho alikuwa hajalewa, katulia. Anayekuja kutangaza ni Tony Bennett, mwimbaji mzee ambaye Amy alikuwa anamhusudu toka mtoto, na Amy anamuangalia kwenye skrini mdomo wazi kama mtoto wa shule. Anatajwa jina lake. Amepata tano usiku ule. Ukumbi unalipuka, mama yake yupo anamkumbatia, na mama yetu sebuleni akapiga kigelegele, kweli kabisa, kigelegele cha harusi. Afu inakuja sauti ya rafiki yake Amy wa toka utotoni anasimulia kwamba usiku ule ule Amy alimvuta pembeni akamwambia yote haya hayana raha bila madawa. Nilipotafsiri sikumaliza. Mdogo wangu alikuwa kafunika uso na mikono yote miwili na mabega yanacheza.

Mama akashuka kwenye kochi akakaa naye kwenye jamvi, akawa anamwambia "baba, baba yangu", maana anamwita baba kwa kuwa ana jina la babu. Hakuna aliyezima tivii, iliendelea kuongea yenyewe.

Baadae nje, tunaosha vyombo, aliniambia hivi, na nimejaribu kuyashika maneno yake kama alivyoyasema. Akasema dada, nyie mnadhani mtu anakunywa sababu ya shida. Shida inapita. Mi siku niliyoogopa kuliko zote ni ile ya harusi yako, nilikuwa nimeacha wiki tatu, kila mtu anacheka, wewe umependeza, baba mdogo kanikumbatia mbele ya watu, na mimi ndani hakuna kitu, kama nimekaa kwenye chumba kina kioo nawaona tu. Ndo nikatoka nikaenda nyuma ya ukumbi. Akasema huyu dada wa London alipewa kila kitu siku moja na akagundua hakisikii. Hapo ndo alipokufa, mengine yale ni taratibu.

Nilikuwa sijui kwamba ilikuwa siku ya harusi yangu. Kwenye picha yumo, anatabasamu.

Jambo jingine nataka niliseme wazi kwa sababu linaweza kumsaidia mtu. Kuna mahali Amy anasemwa kwamba wiki za mwisho alikuwa anaacha kabisa, siku kadhaa hagusi, afu anarudi kwa kishindo. Uchunguzi ulikuta kwenye damu yake pombe miligramu 416 kwa kila mililita 100, wakati mwaka ule dereva wa Uingereza alikuwa haruhusiwi kuzidi 80, na chumbani chupa tupu tatu za vodka. Watu wakiona hapo wanasema alikuwa mlevi wa kupindukia. Lakini mwili uliopumzika unapoteza uzoefu, kipimo ulichokuwa unakibeba mwezi uliopita leo kinakuua, tena mwili ambao ulikuwa umeshachoka kwa njaa.

Na kuacha kwa ghafla nako kuna hatari yake, hili sisi tulilijua kwa njia mbaya. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku viroba, zile pombe kali za vipakiti, tulishangilia nyumbani, tukasema sasa ataacha, kumbe akahamia gongo. Katikati ya mwaka mjomba na mimi tukaamua kumfungia chumbani, tukachukua funguo, tukampa maji na uji. Tuliona ni upendo na msimamo. Siku ya pili anatetemeka kitanda kinagonga ukuta, siku ya tatu anaona wadudu wanapanda nyavu ya dirisha anawapigia kelele, usiku akaanguka akakaza mwili kama kifafa. Tulifika hospitali alfajiri. Daktari aliyetupokea hakutugombeza, alituambia tu mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka haachishwi kwa kufungiwa, anaachishwa kwa dawa na uangalizi, maana ile ghafla yenyewe inaweza kuua. Tungeambiwa hilo mapema. Kwa hiyo wewe unayesoma na una ndugu yako, usichukue funguo, mpeleke hospitali kwanza. Baada ya hapo ndo akaenda soba hausi, nyumba wanayokaa wanaoacha pombe na madawa, akakaa miezi sita, na ndo kuna watu waliomrudisha.

Mwaka uliofuata baada ya ile Krismasi aliteleza mara moja, siku nne, akatupigia mwenyewe. Simu ya kazi nilishamrudishia. Watu wa harusi wakinipigia mimi nawapa namba yake, na akisema hapigi hapigi, na kuna wateja wamenuna.

Mara ya tatu kuiangalia ilikuwa hapo hapo soba hausi, yeye ndo aliomba flashi aende kuwaonyesha wenzake, mimi nikaalikwa. Vijana kama 20 na wazee wawili, projekta ukutani, na mdogo wangu ndo mkalimani, anasimamisha anatafsiri anaendelea. Jamani, wale watu hawakumkamata mtu. Sikusikia mtu akisema ni baba, ni mume, ni magazeti. Walikuwa wanauliza maswali ya ndani kabisa, usiku ule nani alikuwa naye nyumbani? Wakajibiwa mlinzi wake tu. Mzee mmoja akatikisa kichwa akasema mlinzi anakulinda na watu wa nje. Mwingine akauliza alikuwa anaamka saa ngapi. Mwingine akataka kujua wale marafiki wa bethidei walipotea wapi, akaambiwa hawakupotea, usiku kabla hajafa Amy alimpigia mmoja wao kuomba msamaha. Yule kijana akainuka akatoka nje, nikamuona kupitia dirisha anatafuta namba kwenye simu.

Pale Amy anapoimba studio na Tony Bennett, Machi 2011, anakosea anakasirika anataka kuacha, na yule mzee anamtuliza taratibu, hana haraka, waliomba kirudiwe. Kikarudiwa mara mbili.

Afu mdogo wangu akazima projekta. Ilikuwa imebaki kama dakika kumi, ile sehemu anatolewa nyumbani amefunikwa, watu wanalia barabarani. Nikadhani flashi imegoma, nikamuuliza, akasema hapana dada, tutaishia hapo hapo. Mwisho wanaujua, kila mmoja humu anaujua. Akawasha taa, akauliza nani zamu yake kupika.